Kima jikoni, popo makutini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu wanyama wasumbufu Malindi

Haya ni maswali ambayo wenye nyumba, wapangaji na walinzi huuliza tena na tena, kuanzia Shella na Muyeye hadi Casuarina, Mambrui na Gede. Yanaanza na ya kila siku na kuishia na ya nadra. Kama una nyoka ndani ya nyumba wakati huu unaposoma, shuka moja kwa moja hadi sehemu ya nyoka.

## Mambo ya msingi

Kwa nini nyumba yangu inaandamwa na ya jirani haina shida?

Mnyama haji kwako kwa kukuchukia. Anafuata chakula, maji au mahali pa kulala, na mara nyingi nyumba inayoandamwa inampa vyote vitatu: mwembe unaoangusha maembe, tangi linalovuja pembeni, na paa la makuti ambalo halijaguswa tangu lilipoezekwa. Jirani huenda anafunika ndoo ya taka, basi.

Ndiyo maana kuua peke yake hakumalizi kitu. Ukimtoa panya mmoja darini na chakula kikabaki, nafasi yake itajazwa na mwingine kabla ya mwezi kwisha. Utaratibu ni huu: ondoa kinachomvuta, ziba anakopita, ndipo ufikirie mtego. Watu wengi huanzia mwisho, kwa sababu sumu inauzwa dukani na kuziba kunataka ngazi.

Sheria inaniruhusu kumwua mnyama anayeniharibia?

Panya wa nyumbani, mende na mchwa ni juu yako mwenyewe. Wanyamapori ni jambo jingine. Kima, nyani, komba, kanu (mnyama mdogo mwenye madoa, mfano wa paka), kenge, viboko na wengineo wako chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na mwenye dhamana ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kuwaua, kuwatega au kuwahamisha bila kibali ni kosa, hata wakiwa wameingia uani kwako.

Watu husahau hilo la kuhamisha. Kumkamata kima Casuarina na kumwachia kando ya msitu Gede kunaonekana ni wema, lakini unampeleka kwenye himaya ya kundi jingine litakalompiga, na shida unamhamishia mkulima wa huko.

Sina pesa za fundi. Nianzie wapi?

Zunguka nyumba mara mbili. Mara ya kwanza mchana, ukitazama juu: matawi yanayogusa paa, pengo kati ya ukuta na makuti, mabomba yaliyoachiwa tundu kubwa. Mara ya pili baada ya Magharibi, na tochi, ukitazama chini: mabaki ya chakula cha mbwa, pumba za kuku, maji yaliyotuama.

Kufyeka matawi yaliyo karibu na paa, kulisha mbwa kwa wakati na kuondoa bakuli, na kuweka kifuniko kizito kwenye taka hakugharimu chochote cha maana. Kazi hizo tatu hupunguza panya, kima na kunguru kwa pamoja.

## Panya

Nimeziba milango yote na bado wamo. Wanapita wapi?

Juu. Panya mweusi, ambaye ndiye wetu wa pwani, ni hodari wa kupanda. Anapita kwenye waya wa umeme, kwenye tawi, kwenye mnazi ulioinamia paa, kisha anaingia panapokutana makuti na ukuta. Tundu la sentimita mbili linamtosha. Ukuta wa mawe ya matumbawe ambao lipu imeanza kubanduka nao una vyumba vyake vya siri.

Ziba kwa saruji au kwa waya mgumu wenye matundu madogo. Povu la dukani, matambara na mbao laini anavitafuna kwa usiku mmoja. Penye bomba, sokota waya wa kusugulia sufuria ndani ya tundu kwanza, kisha paka saruji juu yake.

Vidaka na vitale vya mnazi vinaanguka vikiwa na tundu. Ni panya au ugonjwa?

Kama tundu ni la mviringo, lina alama za meno na liko karibu na kikonyo, ni panya. Tibu mnazi wenyewe. Zungusha bati laini lenye upana wa sentimita 30 hadi 40 kwenye shina, mita mbili hivi kutoka chini, ukilifunga kwa waya badala ya kulipigilia misumari mingi. Panya hawezi kushika bati.

Bati halifanyi kazi kama makuti ya mnazi huu yanagusana na ya mnazi wa pili, kwani atavukia juu kwa juu. Safisha kilele, toa makuti makavu na makumbi ya zamani, maana ndimo anamozalia. Na mwambie mgema wako mapema: bati linamsumbua kupanda, na ukimfunga njia bila habari atalitoa.

Ni sumu gani nzuri ya panya?

Ukiweza kuishi bila sumu, ishi. Mtego wa kubana uliowekwa sambamba na ukuta, wenye kipande cha nazi iliyochomwa au dagaa, unafanya kazi na unamwona aliyekufa. Sumu humwacha panya aende kufia darini au ndani ya ukuta, nawe utakaa na harufu wiki nzima.

Lililo baya zaidi ni yule anayemla huyo panya. Bundi, kanu na paka wa jirani humeza sumu kupitia windo. Bundi najua anachukiwa, akilia juu ya paa watu husoma dua, lakini hakuna mfanyakazi wa usiku anayekupunguzia panya bure kama yeye. Ukimwua kwa sumu unajiongezea kazi.

Ukilazimika, nunua iliyosajiliwa na yenye maelezo kwenye pakiti, iweke ndani ya kisanduku chenye tundu la panya tu, na isifikiwe na mtoto. Vile vipakiti visivyo na jina vinavyouzwa barabarani usiviguse kabisa. Hujui kilichomo, na daktari naye hatajua mtoto akimeza.

Paka hawatoshi?

Wanasaidia kwa panya wadogo na huwatia hofu wengine. Panya mkubwa wa dari hawamfikii. Paka aliyeshiba mabaki ya samaki naye ana mambo yake mengine. Lisha paka, mchanje, mhasi, lakini ziba paa.

## Paa: popo, komba na nyuki

Popo wamejaa kwenye makuti na sakafu inanuka. Nawatoaje?

Wengi wanaolala kwenye mapaa yetu ni popo wadogo walao wadudu, mbu wakiwemo. Wakubwa walao matunda hulala mitini na mapangoni na huja tu kula maembe na mikungu. Basi swali la kwanza ni kama unataka waondoke kweli, au unataka kinyesi kisidondoke juu ya kitanda. Kama ni hilo la pili, dari ya kitambaa au mbao chini ya makuti inatosha, na popo waendelee na kazi yao.

Ukiamua waondoke, kaa nje jua likizama utazame wanakotokea. Ziba sehemu nyingine zote kwanza. Pale wanapotokea, ning'iniza wavu mwepesi uliofungwa juu na pembeni na kuachwa wazi chini: wanatambaa kwenda chini na kutoka, lakini wakirudi na kutafuta njia hawaioni. Baada ya siku kadhaa, ukishahakikisha hakuna anayetoka tena, ziba moja kwa moja.

Kabla ya kuanza, pandisha tochi mchana. Ukiona vitoto vimeshika mama zao au vimeachwa vimekusanyika, subiri mpaka viweze kuruka. Ukiziba sasa vitafia ndani, na harufu ya leo utaikumbuka kwa hamu.

Moshi, pilipili ya kuchoma na nyuzi za taa za rangi hazisaidii kitu. Moshi chini ya makuti makavu, wakati upepo wa kaskazi unavuma, umeshateketeza nyumba za watu.

Nafagiaje kinyesi cha popo?

Usikifagie kikiwa kikavu. Kinyesi kilichorundikana hufuga ukungu ambao vumbi lake likivutwa huumiza mapafu. Funga barakoa nzuri, nyunyiza maji yenye sabuni hadi kilowe, kizoe kwa koleo, ukifukie bustanini. Mipapai huipenda mbolea hiyo. Popo aliyeanguka usimshike kwa mkono mtupu, na akikuuma soma jibu la kuumwa huko chini.

Kuna mnyama analia usiku kama mtoto mchanga. Ni jini?

Ni komba. Ana macho makubwa, mkia wa manyoya, na anaruka kutoka mwembe hadi mkorosho. Wagema wanamjua vizuri, maana huja kuonja tembo la mnazi kwenye vibuyu. Nyumbani haharibu mengi zaidi ya kukojoa juu ya dari na kula matunda. Ziba paa mchana akiwa hayumo, ondoa ndizi zilizoachwa barazani, atahama mwenyewe.

Nyuki wametua kwenye tawi. Nifanye nini?

Kama wametundikana tu bila masega, wamo safarini. Waache siku moja au mbili, funga mbwa na mbuzi mbali, wataondoka. Wakishaingia ukutani au kwenye paa na kuanza masega, mwite mfuga nyuki usiku. Petroli na moto ni kwa mtu asiyeipenda nyumba yake. Wakikuvamia, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba na ufunge mlango. Usijitupe kwenye kidimbwi cha kuogelea, watakungoja juu.

## Kunguru

Hawa kurabu wametoka wapi, na mbona hawaishi?

Kunguru mwenye shingo ya kijivu ni mgeni kutoka Bara Hindi. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asafishe taka, akasambaa pwani nzima. Anakula mayai na makinda ya ndege wetu, vifaranga vya kuku, na chakula kilicho mezani kwa mgeni wa hoteli. Ni tofauti na kunguru wa asili mwenye ukosi na kifua cheupe. Yule ni wetu na hapaswi kuguswa.

Hawaishi kwa sababu taka haziishi. Tazama majaa, machinjio na mahali pa kupasulia samaki. Mji unawalisha asubuhi, halafu jioni unawalaani.

Naruhusiwa kuwatilia sumu?

Hapana. Mwaka 2024 KWS ilitangaza mpango wa kupunguza kunguru hawa milioni moja pwani, na sumu inayotumika humo, Starlicide, hutegwa na watu waliopewa idhini tu. Kabla ya kuitega huwazoeza kunguru kula nyama mahali pamoja, ili ndege wengine wasidhurike. Tena sumu hiyo huvunjwavunjwa mapema mwilini mwa ndege, hivyo paka anayekula mzoga hapati dozi kubwa. Sumu ya dukani kwenye nyama haina sifa hata moja kati ya hizo: itaua mwewe, mbwa na pengine mtoto.

Unachoweza kufanya nyumbani ni kubomoa viota kabla makinda hayajaanguliwa, kufunika taka, na kuweka wavu juu ya banda la vifaranga. Ukibomoa kiota vaa kofia ngumu. Kunguru anazijua sura, na atakuandama njiani hata siku umevaa suti.

## Kima, tumbili na nyani

Wanaingia jikoni mchana kweupe. Tufanye nini?

Muulize kwanza aliyewazoesha. Karibu kila kundi sugu lina nyumba moja au hoteli moja ambako mgeni hutoa ndizi ili apige picha. Mpaka huyo aache, wengine wote mtafunga madirisha. Zungumzeni kama mtaa, maana hapa mtu mmoja hawezi kushinda.

Kwako, weka waya kwenye dirisha la jikoni, matunda yakae kabatini badala ya mezani, na taka ziwe kwenye pipa lenye kifuniko kinachofungwa kwa mpira au komeo. Chuma maembe na mapapai yakianza tu kuiva. Mbwa huwafukuza tumbili, lakini nyani dume humrarua mbwa, kwa hiyo usimchochee.

Usimkodolee nyani macho wala kumwonyesha meno, hata kwa kucheka. Kwake ni matusi. Akinyakua kitu mkononi, kiachie. Mawe na manati hayajengi hofu ya kudumu. Baada ya wiki wanajua urefu wa mkono wako.

Wamemaliza mahindi yangu. Nitalipwa?

Kwa kima na nyani, hapana. Hawamo kwenye orodha ya wanyama wanaolipiwa fidia, na wakulima wamelilalamikia hilo miaka mingi. Wakubwa wana utaratibu wao, soma jibu la viboko na ndovu.

## Nyoka, nge na tandu

Nyoka yuko ndani sasa hivi!

Toa watu na wanyama chumbani. Funga mlango, ziba ufa wa chini kwa taulo. Mtu mmoja asimame mbali akimtazama kupitia dirisha ili ajulikane alipo, mwingine apige simu. Watamu kuna Bio-Ken, kituo cha nyoka kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, ambacho wataalamu wake huja kuchukua nyoka majumbani. KWS pia huitikia.

Usimpige. Watu wengi huumwa wakijaribu kuua au kukamata. Usijaribu pia kuamua kama ana sumu. Nyoka mwembamba wa kijani asiye na madhara na mamba wa kijani anayeishi kwenye miembe na mikorosho wanafanana kiasi cha kumchanganya hata mtu aliyezaliwa hapa.

Chumvi, kitunguu saumu au mafuta ya taa vinawafukuza?

Havifanyi kitu. Mafuta ya taa yataharibu kisima chako. Kinachofukuza nyoka ni kukosa panya na kukosa maficho: rundo la kuni, mawe yaliyobaki ujenzini, makuti mabovu yaliyotupwa nyuma ya choo. Fyeka nyasi mita kadhaa kutoka ukutani. Usiku tembea na tochi na viatu, kwani bafe halikimbii ukikaribia, linalala palepale njiani mpaka ulikanyage. Masika ndipo wanapoingia zaidi, mashimo yao yakijaa maji.

Nge na tandu hufuata sheria hiyo hiyo. Kung'uta viatu na taulo, sogeza kitanda mbali na ukuta, ziba nyufa.

Mtu ameumwa na nyoka.

Hospitali, upesi, huku ametulizwa na asitembee ikiwezekana. Vua pete, bangili na kiatu kabla hajavimba. Funga kiungo kwa gango kisitikisike, kama kilichovunjika. Usikaze kamba, usichanje, usinyonye, usiweke jiwe jeusi, usipoteze saa kwa mganga. Kama unaweza kumpiga nyoka picha ukiwa mbali, vizuri. Kumbeba hospitalini hakuhitajiki.

Swila akitema mate machoni, osha kwa maji mengi robo saa au zaidi, kisha nenda hospitali. Maziwa hutumika na watu, lakini maji yanatosha na yapo.

## Wezi wa kuku

Kuku wanachukuliwa usiku. Nitamjuaje mwizi?

Kanu huua na mara nyingi hula kichwa na shingo, na huingia kwa juu. Nguchiro ni wa mchana na hupenda mayai. Kenge naye ni wa mchana, hummeza kifaranga mzima na kuacha mburuzo wa mkia mchangani. Mwewe huacha manyoya tu uwanjani. Mbwa koko huua wengi na kuwaacha, na kusema kweli yeye ndiye mhalifu mara nyingi kuliko wanavyokubali wenye mbwa.

Dawa ni banda: waya mgumu wenye matundu madogo, uliozikwa chini kama sentimita 30, paa lililofungwa, na mlango unaofungwa kabla ya jua kuzama. Waya wa kuku wa kawaida humzuia kuku asitoke. Kanu aliye na njaa haumzuii.

## Viboko, mamba na ndovu

Tunaishi karibu na mto Sabaki. Viboko wanakuja shambani.

Kiboko hutoka majini usiku kulisha na hurudi kabla ya alfajiri kwa njia ileile. Usijenge, usilime wala usilaze mifugo kwenye njia hiyo, na usijiweke kati yake na maji hata kwa sekunde. Hana uwezo wa kuruka, kwa hiyo ukuta imara wa mawe unaofika kiunoni au mtaro mkubwa humgeuza. Taa husaidia kwa muda. Kuteka maji na kuoga kufanyike mahali palipowekewa uzio wa miti, kwa sababu ya mamba.

Kwa ndovu wanaotoka Arabuko-Sokoke, kagueni uzio pamoja na mripoti penye kukatika mapema. Uzio wa mizinga ya nyuki, ambao shirika la Save the Elephants limeufanyia kazi Sagalla karibu na Tsavo, unaweza kujaribiwa na kikundi chenye mtu wa kuihudumia mizinga. Mizinga mitupu haimtishi ndovu.

Ukiharibiwa shamba au mtu akijeruhiwa na kiboko, mamba, nyati au ndovu, ripoti KWS mara moja, piga picha kabla ya kupanda upya, na upate tathmini ya afisa wa kilimo au ripoti ya daktari. Dai hupitia kamati ya fidia ya kaunti. Sheria ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa kifo. Malipo huchelewa sana, kwa hiyo tunza nakala za kila karatasi.

## Mambo ya nadra

Nimeumwa au kuparuliwa na mbwa, kima, nguchiro au popo.

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama ni mkwaruzo. Dalili zikishatokea hakuna tiba.

Nimeona panya mkubwa mwenye pua ndefu na makalio ya dhahabu.

Hongera, si panya. Ni isanje, mnyama adimu ambaye ngome yake kuu ni Arabuko-Sokoke, na huonekana pia vichakani magofuni Gede. Anakula wadudu na hagusi shamba lako. Mwache, na ukikuta tanzi la waya kichakani, litoe na uiarifu KWS.

Kasa ametaga mbele ya nyumba yangu ya ufuoni.

Usiyaguse mayai wala kuyafukia zaidi. Ijulishe KWS au Local Ocean Conservation ya Watamu, ambao huja kuangalia kiota na kukihamisha kama maji ya bamvua yatakifikia. Zuia mbwa, maana pamoja na kenge ndio wafukuaji wakubwa. Mayai huchukua siku 60 hivi. Katika muda huo zima taa zote zinazotazama bahari au zigeuze zielekee ukutani, kwani vifaranga hufuata mwanga na taa ya baraza yako itawaleta bustanini badala ya majini. Kama mgeni wako anataka kuwaona wakitoka, asimame nyuma ya kiota, bila tochi wala mwanga wa kamera.